Ndege Zilizomchelewesha Mpimaji

Mpimaji hakuwahi kuniambia siku yake ya safari, na mimi sikuwahi kuacha kuivizia. Tulikaa nyumba zinazotazamana Kalangalala, hapa Geita, tangu pacha wangu wakiwa wanatambaa. Akisema anaondoka Alhamisi, Jumanne taulo lake halipo kwenye kamba. Akisema anakwenda Shinyanga kuangalia ng'ombe, ujue yuko barabara ya Sengerema anaelekea uwanja wa ndege wa Mwanza. Sasa amehamia shambani kwake upande wa Kahama, nyumba ameipangisha, kwa hiyo naweza kumsema bila kuchungulia dirishani kwanza.

Kuficha siku ya safari ni desturi ya watu wa machimbo. Mtu aliyepata mali kwenye duara, shimo la kuchimbia dhahabu, hatangazi lini anaitoa, hata kwa mkewe, hata kwa mganga wake. Mpimaji alizeekea kazi ya kupima dhahabu katika duka la mnunuzi mmoja mjini. Kazi yake ilikuwa tindikali, jiwe jeusi la kusugulia, na mizani ndogo iliyofungiwa kwenye sanduku la kioo ili upepo usiiguse. Aliwaona waliotaja siku wakavamiwa njiani. Aliwaona pia wanaume wazima wakimwaga mezani unga wa shaba huku wakiapa kwa kaburi la mama. Basi akatoka kwenye kazi ile haamini rangi, haamini kiapo, na chai ya ugenini anainusa kwanza.

Na mimi nauza viatu na mabegi. Mtu akiniambia kiatu kimepasuka chenyewe siku ya kwanza kuvaliwa, natazama kisigino kwanza ndipo natazama uso wake. Tulifaana.

Kilichonisumbua ni kwamba Mpimaji hakuwa na dhahabu ya kupeleka popote. Alichokuwa nacho Dar es Salaam ni binti, mtoto wake pekee, na kati yake na binti huyo kulikuwa na ndege moja iliyochelewa. Hapo ndipo nilipokuwa nimekaza jicho.

Binti alichumbiwa na kijana wa Kagongwa, kwao wanalima mpunga, mwenyewe fundi wa mitambo ya kuchoronga miamba. Siku ya kupanga mahari nilikuwepo, nilikuwa jikoni na wanawake wenzangu. Wazee wa pande zote mbili wamekaa, kijana ameletwa, amevaa vizuri, anajibu kwa adabu. Mpimaji akamtazama kama anavyotazama kilicholetwa mezani kwake, akasema, "Huyu anang'aa mno. Mimi kitu kinachong'aa hivi kabla sijakisugua, huwa nakirudisha kwa mwenyewe."

Wazee walicheka, wakadhani ni utani wa wakwe. Binti alikuwa nyuma ya pazia na shangazi zake, naye hakucheka. Mahari ilipangwa hivyo hivyo, ng'ombe wakaswagwa, harusi ikawekwa Dar kwa kuwa wote wawili walikuwa na kazi huko. Mama wa binti akatangulia kwa basi na mashangazi na madebe ya mchele. Mpimaji akasema yeye atakuja na ndege siku yenyewe, baba wa bibi harusi hawezi kufika amejikunja kama mkeka.

Hakufika. Binti alikaa ndani ya gari mbele ya kanisa mpaka padri akatuma mtu, na mwishowe mjomba wake ndiye aliyemshika mkono akampeleka mbele. Jioni Mpimaji akapiga simu: ndege imechelewa, imechelewa, mpaka imeahirishwa. Binti akajibu, "Sawa, baba," basi. Tangu hapo simu zake zilikuwa za mama. Baba alipelekewa salamu. Na neno moja likatufikia mtaani kupitia kwa mama mtu: baba aje siku ndege itakapomkubali.

Kwa hiyo ukimwona Mpimaji anajiandaa na safari, ujue kinachotafutwa: afike mlangoni kwa binti yake, na akifika aaminiwe.

Baada ya harusi ile akawa bingwa wa kuchelewa kwa ndege. Mtaa mzima ulikwenda kwake kabla ya kusafiri, na alikupokea kama daktari anavyompokea mgonjwa, kwa maswali. Umekata ya saa ngapi? Ya jioni? Alisikitika kabisa. "Ya jioni imebeba madhambi ya ndege zote za tangu asubuhi. Hii ikichelewa Dodoma, ile ikisubiri mvua Bukoba, deni lote analipa abiria wa jioni. Panda ya kwanza. Ya kwanza imelala Dar, haijakutana na mtu wa kuiharibia."

Zamani, kabla daraja la Busisi halijafunguliwa, alikuwa anaongeza na kivuko katika hesabu zake. Alikuwa akilala Mwanza kwa ndugu ili asiwe na ugomvi na ziwa. Daraja lilipokwisha, watu wakashukuru kwamba sasa utatoka Geita asubuhi na kuwahi ndege. Mpimaji akaendelea kulala Mwanza. Alisema daraja halijamfanyia ubaya wowote, lakini bado hawajazoeana.

Nakumbuka mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliyepata nafasi ya usaili Dar, usaili wa asubuhi. Alikuja kwa Mpimaji na tiketi ya jioni ya siku iliyotangulia, na nilikuwa nimerudisha kiti nilichokiazima, nikakikalia kusikiliza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Usaili wako una mlango wa pili?"

"Sijakuelewa, mzee."

"Ukichelewa, kuna siku nyingine?"

"Hakuna."

"Basi huna tiketi, una karatasi. Badilisha, uende siku moja kabla. Nguo ya usaili usiiweke kwenye begi la chini, ivae au ibebe mkononi. Dawa unazomeza ziweke mfukoni, si kwenye begi. Chaja iwe karibu. Sweta ubebe, wale wa uwanjani wanapuliza baridi kama wanahifadhi samaki. Na mwambie mtu wa Dar asiamini kwamba umefika mpaka umshike bega."

Mwalimu alikwenda, akafika, akapata kazi. Alirudi kumshukuru na jogoo. Wengi walimshukuru hivyo. Sijasikia mtu wa mtaa wetu aliyefuata maneno yake akakwama.

Alikuwa na imani zake nyingine ambazo sikuziafiki. Hakukubali kwamba kuna ndege mpaka aione inagusa ardhi. Ubao ukiandika kwamba iko kwa wakati, alisema ubao umeandikwa na mtu ambaye ameshakunywa chai yake. Alikuwa na mpwa anayekaa Kipawa, karibu na uwanja wa Dar, na alikuwa anampigia amwambie kama ndege imeruka kweli. Mpwa akisema imeruka, anamuuliza, "Umeiona kwa macho au umeambiwa?" Yule kijana alichoka, akawa anajibu kwamba ameiona hata kama yuko kitandani. Mpimaji akaling'amua hilo kwa sauti yake na akaacha kumpigia kwa miezi.

Meseji za kampuni za ndege alikuwa akinisomea kwa sauti, ameshika simu mbali na uso. "Tunasikitika kukujulisha. Kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu." Hapo hushusha simu, ananiita mama kwa Kisukuma. "Mayu, mtu akikuambia sababu iko nje ya uwezo wake, muulize iko ndani ya uwezo wa nani." Nilicheka, kisha nikakaa nikifikiri kwamba ndivyo alivyomwambia binti yake pia, kwa maneno mengine.

Chakula chake cha kungojea kilikuwa matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakatwa na kuanikwa mpaka vikakamaa, pamoja na karanga za kukaanga. Aliandaa mwenyewe. Mkewe, mwanamke mpole ambaye hajawahi kuchelewa popote, aliambiwa asiguse. Ukila matobolwa, Mpimaji alisema, utatafuna mpaka hasira ziishe, na mtu mwenye mdomo uliojaa hawezi kumtukana mhudumu asiye na kosa. Alibeba ya kutosha watu kadhaa. Nilimuuliza kwa nini anabeba mengi kiasi hicho wakati safari ya Mwanza mpaka Dar ni mtu kupiga miayo kidogo tu. "Safari ndiyo fupi," akasema. "Kiti cha kungojea ndicho kirefu."

Sasa ukiyaweka yote haya pamoja, utaona kitu hakikai sawa. Mtu anayelala Mwanza usiku kabla, anayepanda ya kwanza, anayejua ndege imeruka kabla wenye ndege hawajajua, mtu huyo anakwamaje? Binti alipojifungua mtoto wa kwanza, Mpimaji aliondoka na matobolwa yake na akarudi baada ya siku mbili, anasema mvua. Walipohamia nyumba yao wenyewe, akaondoka tena, akarudi, anasema chombo kimeharibika. Mjukuu wa pili alipobatizwa, akarudi na kusema tu, "Ndege, mayu," akaingia ndani. Na kila mara mkewe alikuwa ameshapanda basi kabla, amefika, amepika, amebeba mtoto, amerudi na picha. Basi lilifika siku zote. Hata lililoharibika pale njia panda ya Isaka, kati ya malori ya mizigo ya Rwanda, lilifika.

Mtaani walikuwa na majibu yao. Wapo waliosema Mpimaji ana dhahabu ya siri na uwanjani anakutana na mabroka. Hilo nililitupa mapema. Mwenye dhahabu ya siri hakanyagi sehemu yenye mashine ya kukagua mabegi. Wapo waliosema ana mke mdogo Mwanza. Hili nililichunguza zaidi, sisemi uongo, kwa sababu mwanamume anayerudi na sweta safi kila safari anatia mashaka. Binamu yangu anauza samaki Kirumba, huko Mwanza, na ana macho kuliko mimi. Alimfuatilia kwa ndugu alikokuwa analala, akakuta ndugu kweli, mzee mwenzake mwenye kikohozi. Wengine wakasema anaogopa kupanda. Lakini enzi za kazi yake alipelekwa Dar na bosi wake kwa ndege mara nyingi, akirudi anatuigizia abiria waliokuwa wanashika viti vya mbele na kusali.

Nilianza kuhoji waliosafiri siku zile zile. Mama mmoja wa soko la nguo alikuwa amepanda siku ile ya mvua. Nikamuuliza kama vile napiga soga, "Pole na kuchelewa kwa ndege." Akasema, "Kuchelewa kupi? Tulisubiri kidogo tu, chai haikupoa."

Halafu nikamwona mwenyewe. Ilikuwa siku ya ubatizo wa mjukuu wa pili. Nilikwenda uwanjani kumpokea dada yangu anayetoka Dar, na dada alikuja na ndege ile ile ambayo baadaye ingegeuza kurudi Dar. Tulichelewa kuondoka kwa sababu ya begi lake. Ndege ikageuza, ikaruka, sote tukaiona inakata juu ya ziwa. Nilipogeuka, Mpimaji alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, upande wenye kivuli, mfuko wa matobolwa magotini, anatafuna polepole na kuitazama inakopotelea. Hakuwa na haraka ya mtu aliyeachwa. Hakwenda dirishani kugomba. Sikumsalimia. Nilimpeleka dada kwenye gari nikamwambia alale, nami njia nzima mpaka Sengerema nikawa nampima yule mpimaji.

Tangu siku hiyo nilijua kwamba ndege zilikuwa zinakuja. Sikujua tu kwa nini alikuwa haingii. Mkewe sikumwambia. Alikuwa rafiki yangu na usiku alikuwa analala vizuri, na mimi sipendi kumwamsha mtu aliyelala vizuri kwa jambo ambalo silijui mwisho wake.

Sitaki mtu adhani alikuwa mtu mbaya. Pacha wangu mmoja alipougua, Doto, Mpimaji alikaa na Kulwa kwake siku zote zile, akamfundisha kusoma mizani ya jikoni, na nilipotoka hospitali nikakuta nyumba yangu imefagiliwa. Alikuwa mtu anayelipa kila neno lake. Ndiyo maana ule uongo mmoja ulinikera. Ulikuwa haufanani naye, na alikuwa anaulisha kila mwaka.

Mwaka jana mkewe akaja kuniaga. Yule mkwe, kijana aliyeng'aa mno, alikuwa amepata kazi kwenye mgodi Namibia, na wanahama wote, watoto na vyombo. Mama alikuwa anatangulia kwa basi kuwasaidia kufunga. Nikauliza, "Na mzee?" Akasema, "Mzee amesema atakuja na ndege," akatazama chini kwenye kanga yake. Nikahesabu siku. Nilikuwa na safari yangu ya Kariakoo kununua mabegi ya shule, safari ambayo kwa kawaida naifanya kwa basi. Nikakata tiketi ya ndege ya kwanza, siku moja kabla ya wao kuondoka nchini. Mpimaji alikuwa amewaambia majirani kwamba anaondoka Jumatano, siku ambayo watoto wangekuwa wameshaondoka. Mimi nikakata ya Jumatatu.

Alikuwepo. Amekaa chumba cha kusubiria, ameshapita ukaguzi, sweta ameivaa, mgongo ukutani. Aliponiona alishtuka kama mtu aliyefumaniwa.

"Mama Kulwa! Nani amekuambia?"

"Shikamoo, Mpimaji. Nani aniambie nini? Nakwenda Kariakoo."

"Marahaba," akasema, ananikagua tangu kilemba mpaka viatu. "Wewe ni mtu wa basi."

"Na wewe ni mtu wa Jumatano."

Akacheka bila kutaka. Nikakaa pembeni yake.

Basi na ndege yenyewe ikachelewa kweli. Meseji iliingia kwenye simu zote kwa pamoja, chumba kikaguna. Nikamtazama Mpimaji, na nikaona jambo lililonitia baridi kuliko ile hewa yao. Uso wake ulifunguka. Alifurahi. Mabega yalishuka, akafungua mfuko, akaanza kugawa matobolwa. Alimpa mama mwenye mtoto anayelia, akampa mfanyabiashara wa Kahama aliyekuwa anagomba na simu. Alimwonyesha kijana mmoja wapi pana soketi inayofanya kazi. Akawatuliza wote: ndege imetoka Dar, mpwa wake amemwambia, na ameiona kwa macho. Alikuwa kama mwenyeji wa msiba ambao si wake. Nikawaza, huyu mzee amejiandaa na kila kitu isipokuwa ndege kufika.

Ikafika. Tuliiona kwenye kioo inagusa ardhi, inakuja, inasimama. Abiria wa Dar wakashuka. Mlango wetu ukafunguliwa, watu wakasimama mstari kwa pupa yao. Mpimaji akafunga mfuko wake vizuri, akauweka magotini, akaweka mikono juu yake, akabaki amekaa.

"Twende, mzee."

"Tangulia. Mstari upungue."

Mstari ukapungua. Ukaisha. Mhudumu wa mlangoni akaanza kutaja majina kwenye kipaza sauti, langu na lake. Mpimaji akainama kutazama viatu vyake.

"Mayu, nenda," akasema. "Ukifika Dar pitia pale kwa binti. Mwambie imechelewa."

Nilikasirika. Nasema kama nilivyohisi: nilitamani kumshika kola yule mzee wa umri wa baba yangu. Nilikuwa nimeacha duka, nimelala Mwanza kwa binamu yangu, nimemfuata kama askari, na bado ananipa uongo niubebe mimi.

"Sina mdomo wa kubeba hilo," nikamwambia. "Kesho watoto wanapanda ndege na wewe hujawahi kumshika hata mmoja wao. Mpigie mwenyewe. Mwambie mwenyewe imechelewa, nami niko hapa nasikia."

Nilidhani atakataa. Akatoa simu. Akabonyeza vibaya, akarudia. Yeye huishika simu mbali na sikio na kuweka sauti ya juu, kwa hiyo nilisikia kila kitu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, ng'wana wane, mwanangu."

Halafu binti, kwa sauti ya mtu aliyekwishakaa na jibu: "Imechelewa?"

Mpimaji akatazama kwenye kioo. Ndege ilikuwa pale, ngazi ipo, watu wa mwisho wanapanda. Yule mhudumu alikuwa anatukazia macho na karatasi mkononi. Aliyaangalia yote hayo muda mrefu kuliko ule tuliokuwa nao.

"Haijachelewa," akasema. "Iko hapa. Watu wamepanda. Mimi ndiye nimekaa."

Tulisikia watoto nyuma ya binti wakigombania kitu.

"Na ile ya harusi?" akauliza.

"Ile nayo ilikuja." Sauti yake ilikuwa ndogo sasa. "Waliita jina langu nikainama, kama wanaitwa watu wengine. Nilikuwa nimesema yale maneno juu ya mwenzio mbele ya wazee. Nikashindwa kuja kukupeleka mkononi kwake huku watu wote wamesikia. Baadaye kila nikija, nakuta siku ile imekaa hapa hapa inanisubiri. Nisamehe, ng'wana wane."

"Nilijua, baba."

"Ulijua?"

"Rafiki yangu wa kazini alikuja harusini na ndege hiyo. Alikuwa amekaa meza ya tatu, anakula wali. Nilikuwa nasubiri useme wewe." Akawanyamazisha watoto. "Mwenzangu ameshakwenda uwanjani kukupokea. Panda, baba. Tafadhali panda."

Mhudumu akasema, "Jamani, mzee, mama, mnapanda au hampandi? Nafunga."

Mpimaji akasimama. Nilimtanguliza mbele, nikamfuata nyuma kwa karibu mpaka juu ya ngazi, maana bado sikumwamini. Kwenye mlango wa ndege alisita kidogo na mimi nikamsukuma mgongoni kwa begi langu. Akaingia. Wale aliowagawia matobolwa wakampigia kelele za furaha kama bwana harusi, hawakujua kitu. Yeye hakumwangalia mtu. Alikaa dirishani, mimi pembeni yake, na kwa muda alifuta macho kwa mkono wa sweta bila kujificha.

Injini zikawaka. Akanigeukia, macho mekundu, na ile shaka yake ya zamani ikawa imerudi mahali pake.

"Na wewe, mayu? Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu ubatizo. Nilikuona kwenye benchi la nje."

Akatazama nje jinsi uwanja ulivyoanza kusogea, jengo, kioo cha chumba cha kusubiria, viti vitupu nyuma yake. "Binti alijua," akasema. "Wewe ulijua. Bila shaka na mke wangu alijua, na ndiyo maana alikuwa ananiacha nyuma peke yangu kila mara." Akatikisa kichwa. "Miaka yote nasema nasubiri ndege. Kumbe nyote mlikuwa mnanisubiri mimi."

Nikamwambia afunge mkanda.